Ikwalaiza ya muziki wa nyumbani: kuinunua, kuiunga na kuiseti

Ikwalaiza ni kifaa chenye vitelezi vya kupandisha au kushusha sehemu mbalimbali za sauti (bendi), kuanzia besi hadi trebo. Maswali yanayokuja kuihusu ni yaleyale: ikwalaiza inachomekwa wapi, ya bendi ngapi inatosha, ile ya gari inaweza kutumika sebuleni, na kwa nini baada ya kuifunga besi imekuwa mvumo mtupu. Majibu yako hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Usiruke sehemu ya kwanza, maana wengi hununua ikwalaiza nzuri kisha wakakuta mtambo wao hauna pa kuichomeka.

Anza nyuma ya amplifaya, si dukani

Ikwalaiza hushughulika na sauti ambayo bado haijakuzwa. Inakaa kabla ya hatua ya mwisho ya amplifaya, kamwe si kati ya amplifaya na spika. Ukiingiza nyaya za spika kwenye ikwalaiza utaiunguza, na huenda amplifaya nayo ikafuata. Geuza mtambo wako, chukua tochi, uangalie una matundu gani.

Amplifaya nyingi za miaka ya 1970 hadi 1990 zina matundu ya TAPE: jozi moja imeandikwa REC OUT, nyingine PLAY au IN, na mbele kuna kitufe cha TAPE MONITOR. Hapo ndipo mahali bora. Chochote unachocheza, redio, CD au sahani ya santuri, kitapita kwenye ikwalaiza kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Nyingine zina PRE OUT na MAIN IN, mara nyingi zikiwa zimeunganishwa na vipande vidogo vya chuma. Unavitoa, unaweka ikwalaiza katikati. Inafanya kazi vizuri, ila hapa ikwalaiza inakaa baada ya kitufe cha volyumu, kwa hiyo kama ina mlio wa "shiii" utausikia hata volyumu ikiwa chini. Vile vipande vya chuma vihifadhi. Siku ukiitoa ikwalaiza bila kuvirudisha, mtambo utakuwa bubu.

Sabufa za 2.1 na 3.1 zinazouzwa kila mahali hazina njia hiyo. Zina AUX au AV IN tu. Ikwalaiza unaweza kuiweka kati ya simu, runinga au king'amuzi na tundu hilo. Lakini sikiliza: bluetooth, flashi na redio zilizo ndani ya sabufa yenyewe hazitapita kwenye ikwalaiza, maana zinaingia ndani moja kwa moja. Kama unacheza muziki kwa bluetooth, utahitaji kipokezi cha bluetooth cha nje chenye matundu ya RCA (yale ya duara yanayokwenda jozi, kulia na kushoto), ukiweke kabla ya ikwalaiza.

Risiva za kisasa za sinema ya nyumbani na zile spika ndefu za chini ya runinga zinazotumia HDMI au waya wa mwanga (optical), ziache. Hazina pa kuichomeka. Tumia marekebisho yaliyo kwenye menyu yake, hela ibaki mfukoni.

Ununue ipi

Kwa sebule ya kawaida, bendi 10 kila upande zinatosha. Vitelezi vyake huwa kwenye 31, 63, 125, 250 na 500 Hz, kisha 1, 2, 4, 8 na 16 kHz; kila kimoja ni mara mbili ya kilichotangulia. Hz huonyesha mlio ni mzito au mwembamba: namba ndogo ni besi, kubwa ni trebo, na 1 kHz ni Hz 1,000. Ya bendi 5 haikupi kitu kikubwa kuliko vifundo vya besi na trebo ulivyonavyo tayari. Ya bendi 15 ni nzuri ikiwa chumba chako kinavuma sana sehemu za chini. Ya bendi 31 ina vitelezi 62 ukihesabu pande zote mbili. Hiyo ni zana ya ukumbini, ya fundi mwenye maikrofoni ya kupimia. Anayeanza nayo kwa kawaida huharibu sauti zaidi ya alivyoikuta.

Za zamani zilizotengenezewa nyumbani (Technics, Pioneer, Sansui, Yamaha, Kenwood, Sony, ADC) zina matundu ya RCA na zinaingia moja kwa moja. Nyingi zina matundu yao ya TAPE pia, ili deki yako ya kaseti isikose pa kukaa baada ya ikwalaiza kuchukua nafasi yake. Mpya zinazopatikana madukani, kama dbx 231s au za Behringer za familia ya FBQ, ni za kazi za jukwaani: nyingi hutumia XLR (plagi ya duara ya pini tatu) na jeki kubwa ya 6.35 mm. Zinafaa nyumbani, ila utahitaji nyaya za kutoka RCA kwenda jeki ya 6.35 mm ya mono. Sisitiza mono, ile yenye mstari mmoja mweusi kwenye ncha ya plagi. Usichukue yenye mistari miwili.

Ya gari usinunue. Inataka umeme wa 12 V, na adapta za bei rahisi huingiza mvumo kwenye sauti. Pia baadhi hutoa sauti yenye nguvu kuliko ambayo AUX ya nyumbani imezoea kupokea, ikapasuka hata vitelezi vikiwa katikati. Na usichanganye ikwalaiza na krosova: krosova inagawa besi iende wufa (spika kubwa ya besi) na trebo iende twita (spika ndogo ya trebo), hairekebishi sauti ya chumba.

Sasa umeme. Vifaa vya mtumba kutoka Japani vinatumia 100 V, vya Marekani 120 V. Tanzania ni 230 V, Kenya 240 V. Ukichomeka bila kusoma bamba la nyuma utasikia mlio mmoja tu. Kama kifaa kina swichi ya volti, iweke sawa kabla ya kuchomeka. Kama hakina, nunua transfoma ya kushusha umeme, halisi, ile nzito yenye chuma ndani, yenye uwezo angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye bamba. Ikwalaiza hula umeme kidogo, kwa hiyo transfoma ndogo inatosha. Vile vibadilishi vyepesi vya wasafiri vilivyotengenezwa kwa pasi na mashine za kukaushia nywele havifai kabisa. Stabilaiza nayo si badala ya transfoma. Kazi yake ni nyingine.

Ukienda kuijaribu, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli Avenue ya Nairobi au kwa jirani anayeuza, beba simu yenye nyimbo unazozijua na waya wa kutoka 3.5 mm kwenda RCA. Omba iungwe kwenye amplifaya. Pandisha na kushusha kila kitelezi, upande wa kushoto kisha wa kulia, huku ukitumia balansi kusikiliza upande mmoja mmoja. Kukwaruza kidogo si kasoro kubwa, ni vumbi. Kitelezi kisichobadilisha chochote ni kasoro. Upande mmoja kuwa mdogo kuliko mwingine ni kasoro. Bonyeza kitufe cha kuitoa kazini (EQ IN/OUT, BYPASS au DEFEAT) mara kadhaa; vitelezi vyote vikiwa sifuri, sauti isibadilike isipokuwa kidogo mno. Taa zinazocheza mbele zisikuvute. Hazisaidii sikio.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ikwalaiza, na transfoma yake kama inahitajika
- Jozi mbili za nyaya za RCA za mita 1 hadi 1.5, zenye rangi tofauti kama inawezekana
- Ekstensheni moja nzuri ya kuchomeka vifaa vyote
- Futi kamba, kalamu, karatasi, na utepe wa karatasi wa mafundi rangi
- Programu ya simu inayotoa mlio wa Hz unayoitaka
- Nyimbo tatu unazozijua hadi pumzi ya mwimbaji: mmoja wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, mmoja wa sauti ya mtu na ala chache, mmoja wenye vyombo vingi
- Mtu wa pili wa kubonyeza kitufe wakati wewe umekaa

Hatua kwa hatua

1. Panga spika kwanza. Nusu ya matatizo yanayopelekwa kwenye ikwalaiza ni ya spika kuwekwa konani au juu ya kabati la vyombo. Zitoe konani, ziache sentimita 30 hadi 60 kutoka ukutani, twita ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila spika kutoka kwenye kiti chako. Kisha piga kofi moja katikati ya chumba. Nyumba ya tofali za saruji yenye vigae na madirisha ya vioo itakujibu kwa mlio mkali unaorukaruka. Zulia, pazia zito na makochi ya kitambaa yatafanya kazi ambayo kitelezi cha 4 kHz hakiwezi.

2. Futa maseti yote mengine. Besi na trebo za amplifaya ziwe sifuri, LOUDNESS izimwe, ikwalaiza ya ndani ya simu izimwe. Ukiacha tatu zikifanya kazi pamoja, hutajua ipi inaharibu.

3. Zima kila kitu na uchomoe plagi, ndipo uunge. REC OUT ya amplifaya iende LINE IN ya ikwalaiza. LINE OUT ya ikwalaiza irudi kwenye TAPE PLAY ya amplifaya. Nyekundu ni kulia, nyeupe au nyeusi ni kushoto. Kosa linalojirudia hapa ni kurudisha LINE OUT kwenye AUX badala ya TAPE. Ukichagua AUX sauti itazunguka ndani yenyewe na kupiga yowe linaloweza kuua twita. Santuri nayo ibaki kwenye PHONO ya amplifaya. Usiilete moja kwa moja kwenye ikwalaiza.

4. Weka vitelezi vyote katikati, sifuri. Washa chanzo cha muziki, kisha ikwalaiza, mwisho amplifaya ikiwa volyumu chini. Kuzima ni kinyume: amplifaya kwanza. Ukikosea mpangilio spika zitapigwa na mshindo. Umeme ukikatika ghafla, teremsha volyumu na uzime amplifaya kabla haujarudi.

5. Bonyeza TAPE MONITOR, cheza wimbo, kisha mwenzako aingize na kutoa ikwalaiza kazini. Sauti iwe sawa kwa ukubwa. Kama kuna kifundo cha LEVEL au GAIN, kitumie kusawazisha. Usiidharau hatua hii. Sikio huona sauti kubwa kidogo kuwa ndiyo nzuri zaidi, na bila kusawazisha utasifia kila kitelezi unachokipandisha.

6. Tafuta mvumo wa chumba. Pima urefu na upana kwa mita, kisha gawanya 172 kwa kila kipimo. Ukuta hadi ukuta mita 4 ni 43 Hz, mita 3.5 ni 49 Hz, mita 3 ni 57 Hz. Hapo ndipo chumba chako kinapenda kuvimba. Thibitisha kwa simu: unga programu ya milio, volyumu ya chini, kaa kwenye kiti chako, panda polepole kutoka 40 hadi 200 Hz. Andika namba ambapo mlio unavimba ghafla na pale unapopotea.

7. Shusha palipovimba. Kitelezi cha 63 Hz kinashika takriban 45 hadi 90 Hz, cha 125 kinashika 90 hadi 180. Anza na kushusha 3 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), sikiliza wimbo wa gitaa la besi. Kila noti isikike kwa uzito unaokaribiana. Isiwe moja inapiga kifua na nyingine haipo. Ukihitaji zaidi shuka hadi 6 dB. Palipopotea paache. Hapo mawimbi yanauana chumbani, na ukiongeza 10 dB unaidai amplifaya nguvu mara 10 bila kupata besi. Sogeza kiti au spika kwa nusu mita. Hiyo ndiyo dawa.

8. Njoo katikati kwa kutumia wimbo wa sauti ya mtu. Kama mwimbaji anasikika kana kwamba yuko ndani ya pipa, shusha 250 Hz kwa 2 au 3 dB. Kama anasikika puani, jaribu 500 Hz au 1 kHz. Ukishindwa kubaini, pandisha kitelezi kimoja kimoja kwa 6 dB kwa sekunde chache, volyumu ikiwa ndogo. Kile kinachoifanya kasoro iwe mbaya zaidi ndicho cha kushusha. Kirudishe sifuri, kisha kiteremshe chini ya sifuri kwa 2 au 3 dB.

9. Malizia juu. Maneno hayaeleweki? Ongeza 2 kHz kwa 1 au 2 dB tu. Magitaa na tarumbeta yanachoma masikio baada ya dakika 20? Shusha 4 kHz. Herufi "s" na "sh" zinapuliza? Shusha 8 kHz. Kitelezi cha 16 kHz kina kazi ndogo: masikio ya watu wazima wengi hayafiki huko vizuri, na MP3 za ubora wa chini (128 kbps) kwa kawaida hukatwa karibu na hapo. Kukipandisha ni kuongeza "shiii" tu.

10. Angalia umbo la vitelezi. Kwa kawaida vilivyokaa jirani visipishane kwa zaidi ya 4 au 5 dB; meno ya msumeno hutoa sauti ya ajabu. Kama vingi viko juu ya sifuri, vishushe vyote pamoja kwa kiasi kilekile. Umbo halitabadilika, na ikwalaiza itapumua.

11. Rudia ulinganisho wa hatua ya 5, kisha usiguse kitu hadi kesho. Masikio huchoka na huzoea. Kesho yake ukisikia bado ni bora kuliko bila ikwalaiza, weka alama kwa utepe na uandike namba kwenye karatasi. Watoto na wageni wanapenda sana vitelezi.

Kosa kubwa kuliko yote

Ni ule mkao wa tabasamu: besi juu kabisa, trebo juu kabisa, katikati chini. Dukani unavutia kwa dakika mbili. Nyumbani unamfukia mwimbaji, unafuta gitaa la solo, na unaikamua amplifaya. Fanya hesabu hii. Kila 3 dB unazoongeza zinataka nguvu mara mbili. Besi inayohitaji wati 20 ikipandishwa 6 dB inataka wati 80, ikipandishwa 12 dB inataka zaidi ya 300. Amplifaya ya wati 50 haina hizo. Inaanza kukata mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa ndiyo yanayounguza twita, ingawa kitelezi kilichopandishwa kilikuwa cha besi.

Wufa ya inchi 5 nayo haiwezi kutoa 31 Hz hata ukiisukuma vipi. Itatingishika tu mpaka iguse chuma. Kwa spika ndogo, shusha 31 Hz kwa 6 dB au zaidi, kisha usikilize besi iliyobaki inavyokuwa safi. Ushauri huu unawashangaza wengi, lakini ujaribu kabla ya kuukataa.

Ikikataa

Hakuna sauti kabisa: angalia TAPE MONITOR imebonyezwa, ikwalaiza imewashwa, na IN na OUT hazijapishana. Kupishana ndiko kunakotokea zaidi.

Vitelezi havibadilishi kitu: kitufe cha BYPASS kimeachwa ndani, au unacheza kwa bluetooth ya ndani ya sabufa.

Upande mmoja haulii: badilishana nyaya za kushoto na kulia kwenye LINE IN ya ikwalaiza. Ukimya ukihamia upande wa pili, tatizo liko kabla ya hapo, kwenye waya au chanzo. Ukibaki palepale, rudia kwenye LINE OUT. Ukihamia sasa, ikwalaiza ndiyo mgonjwa. Ukibaki tena, kagua waya wa kurudi, kisha amplifaya.

Mvumo wa "mmmm" usiokoma: chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Ukiendelea, chomoa kwa muda waya wa dishi au antena kutoka kwenye king'amuzi. Mvumo ukikata, chanzo ni hicho, na kitenganishi cha transfoma kwenye nyaya za RCA kitautibu. Sogeza pia transfoma ya umeme mbali na ikwalaiza na nyaya za sauti. Usikate wala kuziba pini ya ethi ya plagi kwa ajili ya mvumo. Hiyo pini inalinda uhai.

Taa ya CLIP (inayoonya kwamba sauti imezidi kipimo) inawaka hata volyumu ikiwa chini: kwenye njia ya TAPE ikwalaiza iko kabla ya volyumu, kwa hiyo kuteremsha volyumu hakusaidii. Teremsha sauti ya simu au chanzo, au ushushe vitelezi vyote.

Kukwaruza ukisogeza kitelezi: chomoa umeme, puliza vumbi, kisha telezesha kila kimoja mara 20 hadi 30 kutoka juu hadi chini. Bado? Tumia spirei ya vitelezi vya sauti, kama DeoxIT F5, kidogo sana, na usubiri ikauke kabla ya kuwasha. Mafuta ya kulegeza kutu usiyatumie. Yanaondoa grisi ya kitelezi na kuvuta vumbi.

Sauti ilikuwa nzuri, sasa ni mbaya, na hakuna kilichoharibika: umesogeza kochi, umetoa zulia kulifua, au umehamisha spika. Chumba kimebadilika. Rudisha vitelezi sifuri uanze tena hatua ya 6.